Amekunywa Nini? Somo la Lebo za Kemikali kwa Watengenezaji na Wauzaji wa Mipakani



Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa zamu katika kituo kimoja cha mpakani, bodaboda ilisimama mlangoni petu ikiwa imembeba mama mmoja na mtoto wa miaka ipatayo minne. Mtoto alikuwa akitoka mate mfululizo na mwili umemlegea. Tuliwapakia katika gari la kituo tukawakimbiza hospitali. Daktari alipompokea mtoto, swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Mama, amekunywa nini?"

Mama alinyoosha mkono uliokuwa umeshika chupa ya soda ya nusu lita. Ndani yake kulikuwa na majimaji meupe mfano wa maziwa. "Ni dawa ya nyanya, daktari. Nilipimiwa dukani." Daktari akauliza: "Dawa ya nyanya ipi?" Mama hakujua. Chupa ilikuwa na jina la kinywaji ambacho kila mtoto wa mtaani anakijua na kukipenda. Jina la sumu halikuwemo.

Daktari alianza kumhudumia kwa kufuata dalili alizoziona, lakini alitutuma tukamtafutie chombo cha asili. Askari mwenzangu alikwenda kwa pikipiki hadi dukani, akarudi na dumu la lita tano lenye lebo kamili: jina la kiambato, kiwango chake, alama ya hatari na maelezo kwa daktari. Safari ile ilichukua dakika arobaini. Mtoto alipona baada ya siku nyingi za kulazwa, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini sijaacha kuzifikiria dakika zile arobaini. Lebo ilikuwapo, ila ilibaki dukani, na sumu ikaenda nyumbani peke yake.

Hilo ndilo somo letu katika toleo hili. Sheria za kemikali ni nyingi na lugha yake ni nzito, lakini shabaha yake ni moja: popote kemikali inapokwenda, jina lake na onyo lake viende pamoja nayo. Atakayeitenganisha kemikali na lebo yake, awe mtengenezaji, msambazaji au mwenye duka, ndiye anayelinyima swali la daktari jibu lake.

1. Kwa nini jina ni muhimu kiasi hicho?

Wapo wanaodhani kwamba sumu ni sumu, na kwamba hospitali ina dawa moja ya sumu zote. Sivyo. Matibabu ya sumu moja yaweza kuwa madhara kwa nyingine.

Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti hushambulia mfumo wa fahamu. Mgonjwa hutokwa na mate na jasho, mboni za macho husinyaa, na pumzi humwia nzito. Dawa inayotumika sana kumwokoa ni atropini. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda. Mgonjwa wake huhitaji vitamini K, na dalili zaweza kuchelewa kwa siku kadhaa, hata watu wa nyumbani wakadhani hatari imepita. Parakwati, ambayo ni kiuagugu, huharibu mapafu. Aliyeinywa hapewi oksijeni ovyo, kwa kuwa oksijeni huongeza uharibifu ule. Ilhali kwa mgonjwa mwingine mwenye shida ya kupumua, oksijeni ndilo jambo la kwanza. Aliyekunywa kostiki soda hatakiwi kutapishwa, maana kile kilichomchoma koo kikishuka kitamchoma tena kikipanda.

Basi tazama, ndugu msomaji: hawa ni wagonjwa wanne ambao nyumbani wote wataelezwa kwa maneno yale yale, "amekunywa dawa." Kinachowatofautisha ni karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye chombo.

2. Lebo inasema nini?

Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulichapisha kwa mara ya kwanza mfumo mmoja wa dunia wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo, unaojulikana kwa kifupi chake cha GHS. Madhumuni yake ni kwamba kemikali iliyotengenezwa nchi moja ieleweke hatari yake katika nchi nyingine. Kwa sisi tunaoishi hatua chache kutoka nchi ya jirani, faida ya jambo hilo haihitaji maelezo marefu.

Lebo iliyokamilika kwa mujibu wa mfumo huo ina mambo sita. La kwanza ni utambulisho wa bidhaa, yaani jina lake na viambato vyenye madhara. La pili ni neno la tahadhari: HATARI kwa madhara makubwa zaidi, au ONYO kwa madhara yaliyo chini yake. La tatu ni maelezo ya madhara yenyewe, kwa mfano "husababisha vidonda vikali vya ngozi." La nne ni maelezo ya kujikinga na ya huduma ya kwanza. La tano ni michoro ya hatari. La sita ni jina, anwani na simu ya mtengenezaji au msambazaji.

Michoro hiyo ni tisa, nayo huwekwa ndani ya umbo la almasi lenye mpaka mwekundu. Yafaa kila mwenye duka awafundishe wasaidizi wake maana zake:

Fuvu na mifupa: sumu inayoweza kuua kwa kiasi kidogo.
Majimaji yanayomwagikia mkono na chuma: huunguza ngozi, macho na metali.
Mwali wa moto: hushika moto kwa urahisi.
Mwali juu ya duara: huchochea moto wa vitu vingine.
Bomu linalopasuka: hulipuka.
Mtungi: gesi iliyoshindiliwa.
Kifua cha mtu chenye alama ya nyota: madhara ya muda mrefu, kama vile saratani au kudhuru uzazi.
Alama ya mshangao: huwasha, au hudhuru kwa kiwango cha chini.
Mti mkavu na samaki aliyekufa: huangamiza viumbe wa majini.

Viuatilifu vya shambani vina msaada mwingine: mkanda wa rangi chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali kabisa. Njano ni ya hatari ya wastani. Buluu ni ya hatari ndogo. Kijani ni ile isiyotarajiwa kuleta madhara makubwa ikitumiwa kama ilivyoelekezwa. Mkulima asiyejua kusoma aweza kuutambua mkanda huo. Lakini hawezi kuutambua kwenye chupa ya soda.

3. Sheria zinamtaka mtengenezaji nini?

Hapa Uganda, Sheria ya Kudhibiti Kemikali za Kilimo ya mwaka 2006 inataka viuatilifu visajiliwe kabla ya kuuzwa, na usimamizi wake uko chini ya wizara ya kilimo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo wa 2006 inamhusu pia mwenye karakana na msambazaji wa kemikali zinazotumika kazini. Shirika la Viwango, UNBS, ndilo linalotoa alama ya ubora kwa bidhaa kama sabuni na dawa za usafi.

Ng'ambo ya Busia na Malaba, nchini Kenya, viuatilifu husajiliwa na bodi ijulikanayo kama PCPB, na viwango vya bidhaa husimamiwa na KEBS. Ng'ambo ya Mutukula, nchini Tanzania, viuatilifu viko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kemikali za viwandani na majumbani zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003.

Jambo ambalo wafanyabiashara wengi wa mpakani hulikosea ni hili: usajili hauvuki mpaka. Kiuatilifu kilichosajiliwa Kenya hakiwi halali Uganda kwa sababu tu kiliuzwa kihalali upande wa pili wa barabara, wala cha Uganda hakiwi halali Tanzania. Undugu wetu ni mmoja na soko letu ni moja, lakini kila nchi imepima bidhaa kwa mazao yake, maji yake na sheria zake. Anayepitisha madumu kwa njia za panya ili kukwepa ushuru, huwa amekwepa pia uchunguzi wa kitaalamu ambao ungemwambia kama kilichomo ni dawa au ni maji ya rangi.

Tena kuna kosa la jinai ambalo halihitaji mtu awe mtaalamu wa kemia kulielewa. Sheria za makosa ya jinai za Uganda, Kenya na Tanzania, ambazo zina asili moja, zote zinatambua kosa la kuuza au kutoa kitu chenye sumu kwa uzembe unaohatarisha maisha ya watu. Muuzaji anayempimia mteja sumu katika chupa ya kinywaji asiseme kwamba alitaka kusaidia tu. Nia njema haiandikwi kwenye chupa.

4. Neno kwa watengenezaji wadogo

Katika vijiji vyetu vya mpakani vikundi vingi vya akina mama na vijana hutengeneza sabuni ya maji, dawa ya kusafishia choo na maji ya kung'arishia nguo, ambayo wengi huyaita jiki. Ni kazi ya heshima inayolipa karo na kulisha nyumba, na polisi hawana ugomvi nayo. Lakini mtengenezaji mdogo ni mtengenezaji. Wajibu wa lebo haupimwi kwa ukubwa wa jengo.

Nimeona maji ya kung'arishia nguo yakiuzwa katika chupa za maji ya kunywa, zikiwa bado na lebo ya maji. Nimeona kostiki soda ikifungwa katika mifuko ya nailoni isiyo na neno hata moja, nyeupe kama chumvi, ikikaa rafu moja na chumvi. Hakuna aliyekusudia mabaya katika hayo. Hata hivyo, moto hauulizi aliyeuwasha alikuwa na nia gani.

Kwa hiyo, mtengenezaji mpendwa, kabla bidhaa haijatoka mlangoni kwako, hakikisha mambo haya:

(a) Chombo. Usitumie chupa ya kinywaji wala ya chakula, hata ukiiosha. Ukilazimika kutumia chupa ya plastiki ya umbo la kawaida, iwe mpya, yenye kifuniko kinachoziba barabara, na isiwe na picha ya tunda inayoweza kumvutia mtoto.

(b) Jina na kiambato. "Sabuni bora" si jina la kutosha. Andika ni bidhaa gani na ina nini ndani yake.

(c) Onyo linalohusika. Kwenye maji ya kung'arishia nguo, andika: "Usichanganye na dawa ya choo wala asidi yoyote." Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ndani ya choo kidogo kisicho na dirisha yaweza kumwangusha mtu mzima. Kwenye kostiki soda, andika kwamba huunguza, na kwamba hutiwa ndani ya maji polepole. Maji hayamwagwi juu yake, kwa kuwa huchemka ghafla na kuruka usoni.

(d) Huduma ya kwanza. Maneno machache yatosha: ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, ikimezwa, usimtapishe mgonjwa, mpeleke hospitali pamoja na chombo hiki.

(e) Tarehe ya kutengenezwa na namba ya toleo. Dawa ya kung'arishia nguo hupungua nguvu kwa joto na mwanga, na mnunuzi ana haki ya kujua umri wake.

(f) Jina lako, mahali ulipo na simu yako.

(g) Lugha. Fuata lugha inayotakiwa na sheria ya nchi unakouza, kisha jiulize kama mnunuzi wako ataisoma. Lebo nyingi za viuatilifu vya Kenya hubeba Kiingereza na Kiswahili pamoja. Mfano huo ni mwema kwa sisi sote tunaouziana kuvuka mpaka.

Wako watakaosema kwamba lebo ni gharama. Nami nawajibu kutokana na uzoefu wa upelelezi. Bidhaa isiyo na lebo ikimdhuru mtu, watengenezaji wote wa eneo hilo huwa washukiwa, na mwaminifu huhangaika pamoja na mdanganyifu. Bali bidhaa yenye jina na namba ya toleo humfikisha mpelelezi kwenye chanzo upesi. Toleo moja litaondolewa sokoni, na mengine yataendelea kuuzwa. Lebo yako ni shahidi wako.

5. Neno kwa wenye maduka ya pembejeo

Tulipomhoji mwenye duka aliyempimia yule mama, alitupa jibu ambalo sikuweza kulipuuza: "Afande, mkulima wa robo eka hana uwezo wa kununua lita nzima. Nikikataa kumpimia, atakwenda kwa mwingine." Alisema kweli. Umaskini wa mnunuzi ni sehemu ya tatizo hili, na vitisho peke yake havitaliondoa.

Suluhisho lililo halali ni vifungashio vidogo vilivyofungwa na mtengenezaji mwenyewe na kubandikwa lebo kamili. Mwenye duka amwagize msambazaji wake vifungashio hivyo, na watengenezaji wasikie kilio hicho. Wakulima nao waweza kuungana watatu au wanne, wakanunua chombo kimoja kilichofungwa, wakapiga dawa kwa zamu siku moja, na chombo kikabaki na lebo yake. Kupima na kumimina katika chupa ya soda si chaguo, hata kama mteja ameileta chupa yeye mwenyewe.

Na chombo kikiisha, kisioshwe kikawa cha maji au mafuta ya kula. Kisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yatiwe ndani ya bomba la kupulizia, kisha kitobolewe ili kisitumike tena.

6. Kemikali iliyopoteza jina lake njiani

Msidhani kwamba hatari hii ni ya chupa moja na mtoto mmoja tu. Methanoli ni kemikali halali inayotumika viwandani, pamoja na kuyeyushia rangi. Kwa macho na kwa harufu haina tofauti ya wazi na kilevi cha kawaida, lakini kiasi kidogo chake hupofusha, na kikizidi kidogo huua. Mwaka 2010, kusini-magharibi mwa Uganda, Kabale ikiwemo, makumi ya watu walikufa baada ya kunywa waragi wenye methanoli. Mwezi Mei mwaka 2014, makumi ya wengine walikufa katika kaunti kadhaa za Kenya kwa pombe yenye sumu hiyo hiyo. Ilipotoka kiwandani, methanoli huwa na jina lake na fuvu lake. Mahali fulani njiani mtu huibandua lebo, na kuanzia hapo kila anayeipokea hupokea kitu asichokijua.

Ndiyo maana askari akikutana na dumu la kemikali lisilo na lebo kizuizini, halichukulii kuwa kosa dogo la karatasi. Atakuuliza umelitoa wapi, unalipeleka wapi, na nyaraka zake ziko wapi. Msafirishaji wa kemikali awe na hati ya manunuzi, vibali vinavyohitajika na karatasi ya taarifa za usalama, ambayo kwa kawaida ina sehemu 16 na mtengenezaji ndiye anayeitoa. Mwenye nyaraka kamili hadaiwi chochote njiani kisichokuwa na stakabadhi. Akidaiwa, atoe taarifa kwetu.

7. Wananchi wafanye nini?

Ukiona chombo kisicho na lebo kinauzwa, usikifungue, usikinuse, wala usikionje ili kujua kilichomo. Mwarifu mwenyekiti wa LC1, au chifu ukiwa Kenya, au mwenyekiti wa kijiji ukiwa Tanzania, au kituo cha polisi kilicho karibu. Hapa Uganda piga 999 au 112. Jina la mtoa taarifa halitangazwi.

Mtu akidhuriwa na kemikali, mwondoe mahali penye sumu, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji mengi, na umpeleke hospitali bila kukawia. Usimpe maziwa wala mafuta kwa desturi tu, na usimtapishe. Subiri maelekezo ya lebo au ya mganga. Zaidi ya yote, beba chombo. Ikiwa chombo ni chupa isiyo na jina, mtume mtu dukani ilikonunuliwa wakati wewe ukiwa njiani kwenda hospitali, wala msingoje kutumwa na daktari.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji

1. Nyumbani kwako leo, ni chupa ngapi zenye kemikali ambazo mgeni hawezi kujua kilichomo?
2. Katika duka mnalonunua pembejeo, vifungashio vidogo vilivyofungwa vinapatikana? Kama havipo, nani atazungumza na mwenye duka?
3. Vikundi vya sabuni vya kijiji chenu vimekwisha kuomba ushauri wa lebo? Afisa wa polisi jamii yuko tayari kuwakutanisha na wataalamu wa viwango.
4. Mtoto wako akipelekwa hospitali usiku wa leo na daktari akauliza, "Amekunywa nini?", je, chombo kilichoko nyumbani kwako kitajibu?

Swali hili la nne lisibaki mkutanoni. Lichukueni mwende nalo nyumbani, mfungue kabati na mwangalie chini ya kitanda, kabla jua halijatua.

Msemaji wa Polisi,
Kitengo cha Polisi Jamii